Mama anatolewa mawe ya nyongo kwa matundu: zile valvu zikivuja, au zikiwa zimeshatumika, inakuwaje?

"Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58, tunatokea Mpwapwa. Amesumbuliwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo muda mrefu na sasa daktari hapa Dodoma mjini amesema atamtoa kwa matundu manne badala ya kufungua tumbo, tukakubali. Sasa binamu yangu anauza vifaa tiba, akaniambia yale mabomba wanayopitishia vyuma tumboni yana valvu za mpira, na kwamba nje huko zinatumika kwa mgonjwa mmoja zinatupwa ila huku zinaoshwa zinarudiwa. Akasema zikichoka zinavuja gesi na mpira unaweza kukatika ukabaki ndani. Mama kusikia tu habari ya gesi na presha, na yeye ni mgonjwa wa presha, hataki tena. Anasema bora apasuliwe kama zamani au aendelee na mitishamba. Naomba unieleweshe, valvu ikivuja gesi inaenda wapi? Tukatae kama siyo mpya? Na kama ni kununua zetu wenyewe tununue zipi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza, mama naye mfikishie pole zangu. Mimi ni nesi wa thieta, kazi yangu miaka yote imekuwa ni hivyo vyuma na hizo valvu, kuzifungua, kuziosha, kuzikagua, kuzipanga na kumkabidhi daktari mkononi, kwa hiyo swali lako limefika penyewe. Mambo ya ugonjwa wa mama, vipimo vyake na kama anafaa kwa upasuaji wa matundu, hayo namwachia daktari wake aliyempima. Mimi nakueleza kifaa.

Naona hapo kuna hofu tatu zimechanganyika. Ya gesi kuvuja, ya mpira kukatika ukabaki tumboni, na ya kifaa kilichotumika kwa mtu mwingine. Binamu yako hajakudanganya, vyote alivyosema vipo, ila amevipanga vibaya kwa uzito. Valvu inayovuja inamsumbua zaidi daktari kuliko mgonjwa. Valvu iliyooshwa vibaya ndiyo inamsumbua mgonjwa, tena wiki kadhaa baadaye akiwa ameshasahau, na hiyo hata hamkuiuliza.

Tuanze na gesi inafanya nini humo, maana mama amesikia nusu. Tumbo la mtu ndani halina nafasi, utumbo na ini na kila kitu vimelaliana na ukuta wa tumbo umekaa juu yake, ukiingiza kamera hivi hivi kioo kinabanana na nyama huoni kitu. Ndiyo maana wanapuliza gesi ya kabonidayoksaidi, ukuta unanyanyuka, panapatikana nafasi ya kuangalia na kufanya kazi. Wamechagua gesi hiyo kwa sababu haishiki moto, na humo ndani daktari anakata na kuziba mishipa kwa umeme, pia inayeyuka haraka kwenye damu ikafika kwenye mapafu na mtu akaitoa kwa kupumua kama anavyoitoa siku zote. Hewa ya kawaida haiyeyuki upesi namna hiyo.

Sasa lile bomba tunaliita troka. Ni mrija mfupi, wa chuma au wa plastiki, unaopita kwenye ukuta wa tumbo na kukaa hapo mpaka kazi iishe. Ndani yake wakati wa kuingia kunakuwa na chuma chenye ncha, kikishapita kinachomolewa mrija unabaki. Upana ni milimita 5 kwa vyuma vyembamba na milimita 10 au 12 kwa kamera na kwa tundu ambalo kifuko cha nyongo kitatolewa. Kwa nyongo mara nyingi yanakuwa manne, kama alivyowaambia daktari, moja karibu na kitovu, moja chini ya kifua katikati, na mawili upande wa kulia chini ya mbavu.

Juu ya huo mrija, kwenye kichwa kinachobaki nje ya ngozi, ndiyo kuna valvu. Kama umewahi kupuliza mpira wa miguu basi unaijua kazi yake, sindano ya pampu inaingia hewa haitoki, ukiichomoa mpira wenyewe unajifunga. Kwenye troka hiyo kazi imegawanywa kwa vitu viwili. Cha juu kabisa ni sili, duara la mpira au silikoni lenye tundu dogo katikati ambalo linabana chuma pande zote kikiwa ndani. Chini yake kuna valvu inayojifunga chuma kikitoka, wakati ambapo ile sili ya juu imebaki tundu wazi. Hiyo ya chini ipo ya aina nyingi, kuna ya silikoni yenye midomo miwili inayokutana kama mdomo wa bata, na kwenye troka za chuma za kurudia kuna kijimlango kinachosukumwa na springi, au ile ya zamani ambayo daktari anaibonyeza kwa kidole kama tarumbeta. Pembeni kuna kibomba kidogo chenye koki, hapo ndipo mpira wa gesi unapochomekwa.

Kwa nini viwe viwili? Kwa sababu daktari anaingiza na kutoa vyuma mara nyingi mno kwenye upasuaji mmoja, mara mkasi, mara koleo, mara cha kufunga klipu, mara cha kunyonya damu. Kingekuwa kimoja tu, aidha gesi ingetoka kila chuma kinapochomolewa au ingetoka pembeni ya chuma chembamba. Ndiyo maana pia tunaweka kifuniko cha kupunguza, ukitaka kupitisha chuma cha milimita 5 kwenye troka ya 10 lazima tundu la sili lipunguzwe, la sivyo gesi yote inapita hapo.

Haya, ikivuja inaenda wapi? Inaenda nje, mdogo wangu. Tumboni kuna presha kubwa kidogo kuliko chumbani, kwa hiyo gesi ikipata upenyo kwenye valvu inatoka kuja usoni kwetu tuliosimama pale. Haigeuki ikazidi kuingia kwa mgonjwa. Unasikia fsss, na kwenye mashine ya gesi ile namba ya mtiririko inaendelea kuhesabu wakati presha ilishafika na ilitakiwa kutulia. Ukitaka kujua ni troka ipi unadondosha maji safi ya dripu juu ya sili, ikitoa mapovu umeipata. Unabadilisha kifuniko, kazi inaendelea.

Shida yake ni hii: gesi ikitoka kwa kasi kuliko mashine inavyojaza, ukuta wa tumbo unashuka, picha inakuwa finyu, daktari anasimama kusubiri au anafanya kazi kwenye nafasi ndogo, na kwenye nyongo nafasi ndogo ni mbaya kwa sababu pale karibu kuna mrija mkuu wa nyongo ambao hautakiwi kuguswa. Mashine nyingi za sasa zinaweza kupuliza lita 20 mpaka 40 kwa dakika kwa hiyo zinafukuzana na uvujaji mdogo bila shida, za zamani ni dhaifu zaidi, na mtungi unaisha haraka. Upasuaji unakuwa mrefu, na gesi nyingi kavu ya baridi inapita tumboni, mgonjwa anapoteza joto. Na sisi tuliopo tunavuta ule moshi wa nyama iliyounguzwa na umeme, ambao una chembechembe na kemikali zisizo nzuri kwa mapafu. Mwaka 2020 wakati wa Uviko jambo hili lilizungumzwa sana na madaktari wa upasuaji duniani kote, sili ghafla zikapewa heshima ambayo zilistahili siku zote.

Kuna uvujaji mwingine ambao siyo wa valvu kabisa, kama tundu la ngozi limekatwa kubwa kuliko mrija gesi inapita pembeni ya troka, hapo wanashona kidogo au wanazungushia gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda. Na kuna wakati troka inateleza ikarudi nyuma, mdomo wake ukawa upo kwenye nyama ya ukuta badala ya ndani ya tumbo, hapo ndipo gesi inaingia chini ya ngozi. Mtu akiamka ukimgusa kifuani au ubavuni unasikia kama vitu vinapasukapasuka chini ya vidole. Inatisha ndugu ila mara nyingi inanyonywa na mwili yenyewe siku moja au mbili. Nakwambia mapema ili mkiiona muite nesi aangalie, msianze kulia wodini.

Ile hatari kubwa ya gesi mnayoiwaza, ya kuingia kwenye mshipa wa damu, ipo na ni nadra sana, nayo inatokana na sindano au troka ya kwanza kuchoma pasipotakiwa. Valvu haihusiki. Kwa kweli kama mnataka sehemu ya kuogopa kwenye upasuaji huu ni pale mwanzo, kuingia. Karibu nusu ya majeraha makubwa ya upasuaji wa matundu hutokea wakati wa kuingia kabla hata kazi yenyewe haijaanza, ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi wanafungua tundu dogo la kwanza kwa kisu wakiona kwa macho yao tabaka kwa tabaka, njia aliyoianzisha Hasson mwaka 1971, hasa kwa mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo. Mama kama alizaa kwa operesheni au alishawahi kupasuliwa tumbo kwa lolote lile, hakikisheni daktari analijua. Hilo ni muhimu kuliko umri wa valvu.

Sasa presha, maana hapa ndipo mama amekwama na hana kosa, neno ni moja lakini vitu ni viwili. Presha yake ya damu inapimwa kwa milimita za zebaki, wakisema 120 kwa 80 ni hizo. Gesi ya tumboni nayo inapimwa kwa kipimo hicho hicho, ila inawekwa 12 mpaka 15 tu, na kwa wagonjwa wengine wanashusha hadi 8 au 10. Kwa hiyo hawamwongezei presha ya gesi juu ya presha yake. Lakini pia sitaki mumwambie kwamba haihusiani kabisa, kwa sababu tumbo likijazwa linasukuma juu diaframu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu yanapata kazi zaidi, damu inayorudi kwenye moyo inapungua kidogo na presha ya damu inaweza kupanda wakati wa upasuaji. Mtu wa usingizi anakaa kichwani kwake muda wote kwa ajili ya hayo, anaangalia namba, akiona haziendi vizuri anamwambia daktari ashushe gesi au aitoe kabisa, inachukua sekunde chache kufungua koki. Cha kufanya nyie ni kuhakikisha presha yake imetulia kwa dawa kabla ya siku hiyo, asiache vidonge kwa sababu anaenda kupasuliwa, na dawa zote anazotumia pamoja na hiyo mitishamba zitajwe kwa daktari wa usingizi, akaambiwe ipi ameze asubuhi ile na ipi aache. Mitishamba msiifiche tafadhali, mingine inagombana na dawa za usingizi na mingine inafanya damu isigande.

Mpira kukatika. Ndiyo, imewahi kuripotiwa, kipande cha sili kimenyofoka kikasukumwa ndani na chuma. Inatokea hasa pale chuma chenye ncha kali au chenye meno kinapoingizwa kwa nguvu na kwa upande kwenye sili iliyochoka. Kinga yake ni ya kawaida tu, chuma kinaingizwa kimefungwa mdomo, kimenyooka, na sindano ya kushonea haipitishwi kiholela kwenye valvu, kama ni ile ya kijimlango unaifungua kwa kidole ndiyo sindano ipite. Halafu mwisho wa kazi kuhesabu. Watu wanajua tunahesabu gozi na sindano, hawajui kwamba na sili tunaziangalia. Mimi naigeuza kila moja kwenye taa, napitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, ukingo ukiwa mzima unausikia laini mzunguko mzima, ukiwa na mkato kidole kinashika pale, na ukiwa na pengo kuna kitu kimekosekana, namwambia daktari kabla hajatoa kamera. Kamera ikiwa bado ndani kipande kinatafutwa kinatolewa. Baadaye ni kazi ngumu kwa sababu mpira hauonekani vizuri kwenye eksirei kama chuma kinavyoonekana.

Nimefika kwenye lile kubwa sasa, kurudia.

Kuna troka zimetengenezwa zirudiwe na kuna zimetengenezwa zitupwe, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa ambavyo binamu yako ameviweka kapu moja. Za kurudia ni za chuma, zinafunguka vipande vipande, na zile sili zake za mpira ni spea, zinachakaa zinabadilishwa, mrija unabaki miaka. Hizi hata Ulaya zinatumika mpaka leo, kwa hiyo kusikia "inarudiwa" peke yake siyo sababu ya kukimbia. Za kutupwa ni za plastiki, zina alama ya namba 2 ndani ya duara imepigwa mstari, maana yake usitumie mara ya pili. Hizi kichwa chake hakifunguki vizuri, ile valvu ya ndani ina mikunjo ambayo brashi haifiki, na joto la otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, linaweza kuikunja plastiki na kuilegeza silikoni. Hospitali nyingi zenye uhaba, za kwetu na za nchi nyingine maskini, zimejikuta zikizirudia kwa sababu bila hivyo mgonjwa angefunguliwa tumbo. Naielewa sababu na nimeiona kwa macho. Lakini ukiniuliza moja kwa moja kama nakubali nitakujibu moja kwa moja, sikubali valvu ya kutupwa irudiwe kwa mama yako wala kwa mama yangu, kwa sababu huwezi kuthibitisha ni safi.

Usafi wenyewe ndiyo huu. Damu na mafuta yakikaukia kwenye mkunjo wa valvu yanatengeneza ganda, na mvuke wa otoklevu, iwe nyuzi 121 au 134, unaua kilichofikiwa, uchafu uliokauka unawakinga wadudu walioko chini yake. Kwa hiyo kuosha kunatangulia kutakasa, hakuna njia ya mkato. Troka inafunguliwa yote palepale baada ya upasuaji, koki inaachwa wazi, inalowekwa kwenye sabuni yenye vimeng'enya, inapigwa brashi ndani ya mrija na chini ya kijimlango, inasuuzwa, inakaushwa kabisa, inakaguliwa, springi na koki zinapakwa mafuta maalum, ndiyo inafungwa kwenda kwenye mvuke. Klorini hapana, inakula chuma na kukausha mpira, ingawa bado kuna sehemu watu wanailoweka humo kwa mazoea ya zamani wakidhani ndiyo usalama.

Na sisi wa Dodoma tuna letu la nyongeza, maji. Unajua mwenyewe birika la hapa mjini linavyoota ukoko mweupe ndani, maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi na madini. Ukisuuza troka kwa maji hayo hayo ya bomba ukaiacha ikauke, ukoko unabaki kwenye ukingo wa valvu, haufungi tena vizuri, na juu ya ukoko uchafu unashika. Kijimlango kinaanza kugoma, sili inakwaruzika, unalaumu kifaa kumbe ni maji. Suuza ya mwisho inatakiwa iwe ya maji yaliyochujwa madini, na maji ya kuingia kwenye otoklevu vilevile. Kitengo cha kutakasa vifaa kinachojali kinalijua hili na kinatenga bajeti yake, na ningependa viongozi wa hospitali za mkoa wetu wote walichukulie kama wanavyochukulia dawa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kuna wadudu wa jamii ya kifua kikuu, siyo TB yenyewe, wanaokaa kwenye maji ya bomba na kwenye udongo. Wakibaki kwenye troka wanaingia kwenye kidonda cha tundu. Kidonda kinapona vizuri, nyuzi zinatoka, mgonjwa anarudi shamba, halafu wiki tatu, nne, hata miezi, panatokea kivimbe kigumu pale pale kwenye kovu, kinatoa usaha mwepesi, anapewa antibayotiki za kawaida havisikii, anapewa tena, anahangaika. Hawa wanahitaji kipimo cha kuotesha usaha na dawa zao maalum kwa miezi, wakati mwingine na kukata ile nyama. Milipuko ya namna hii baada ya upasuaji wa matundu imeandikwa sehemu nyingi duniani na chanzo mara nyingi ni kuloweka vifaa kwenye dawa badala ya kuvitakasa kwa mvuke, au kusuuza kwa maji machafu. Mtu hawezi kuliunganisha hilo na valvu aliyoisahau.

Kwa hiyo mtakapoonana na daktari au nesi wa thieta kabla ya siku, msiulize "ni mpya?". Ulizeni troka mnazotumia ni za kurudia au za kutupwa. Kama ni za kurudia, zinafunguliwa zote wakati wa kuosha, na zinatakaswa kwa mvuke au zinalowekwa kwenye dawa? Spea za sili zipo? Ulizeni kwa adabu tu, kama mtoto anayemuuguza mama yake, mtu anayefanya kazi yake vizuri hachukii swali hilo, mimi hufurahi. Ukijibiwa kwamba zinalowekwa tu dakika kadhaa kwenye dawa kisha zinatumika, hapo omba kuongea na daktari mwenyewe, na kama hakuna njia nyingine ni halali kabisa kuomba rufaa au kuomba tumbo lifunguliwe kwa vifaa vilivyopita kwenye mvuke.

Kununua zenu. Sishauri mkurupuke, kwanza kwa sababu troka lazima ziendane na vyuma na kamera ya pale, mkinunua za milimita 12 zisizo na kifuniko cha kupunguza wakati vyuma vyao ni vya 5 mmeongeza uvujaji wenyewe. Hospitali ikiwaambia mlete, pewa orodha iliyoandikwa, ukubwa na idadi, nunueni duka lililosajiliwa, angalieni boksi halijafunguliwa wala kulowa, tarehe haijapita, na bidhaa iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Binamu akikuletea iliyo nje ya pakiti yake, hata kama anaapa haijatumika, iache.

Halafu hili la kupasuliwa kama zamani. Nalijibu kwa heshima maana mama ana haki ya kuchagua. Upasuaji wa kufungua siyo wa kishamba, umeokoa watu tangu karne ya 19, na kuna wagonjwa ambao ndio unaowafaa. Upasuaji wa nyongo kwa matundu wenyewe ni wa juzi tu, Erich Mühe aliufanya kwanza Ujerumani mwaka 1985. Faida yake kwa mtu wa miaka 58 mwenye presha ni kwamba maumivu ni machache, anaamka anatembea mapema, anapumua vizuri na mapafu hayapati shida, kidonda kikubwa hakipo cha kuoza wala kuota henia, yaani ngiri. Ubaya wake ni kwamba unategemea vifaa na mazoea ya daktari, na mrija mkuu wa nyongo unaweza kujeruhiwa kama hapaonekani vizuri. Na hata akikubali matundu, kwenye fomu ya ridhaa itaandikwa kwamba tumbo linaweza kufunguliwa katikati ya kazi. Mumweleze kabla. Daktari anayeamua kufungua kwa sababu haoni vizuri anamlinda mama.

Mitishamba haitoi mawe kwenye kifuko. Hata vidonge vya hospitali vya kuyeyusha vinafaa kwa mawe madogo ya aina fulani tu, vinachukua miezi mingi na mawe yanarudi. Mawe yakiachwa kwa mtu ambaye tayari yanamuuma yanaweza kuziba mrija akawa wa njano, au yakachokoza kongosho, na hapo ataletwa kwa dharura usiku toka Mpwapwa, hali ambayo upasuaji wowote ni mgumu zaidi. Kama sasa hivi, kabla hata ya tarehe mliyopewa, akipata homa na kutetemeka, macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au maumivu yakagoma kuisha kwa masaa na kutapika, msisubiri tarehe, mleteni.

Baada ya upasuaji bega litamuuma, hasa la kulia, siku mbili tatu. Ni mabaki ya gesi yanakera diaframu na neva yake inapeleka maumivu begani. Atembee taratibu, anywe dawa ya maumivu aliyopewa, itaondoka. Asipandishwe basi la Mpwapwa siku anayotoka wodini, kaeni kwa ndugu hapa mjini siku kadhaa. Kinachotakiwa kuwarudisha hospitali bila kuuliza mtu ni tumbo kuuma zaidi badala ya kupungua, homa, macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo, au bandeji kulowa majimaji ya kijani au ya njano. Kifua kubana au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hivyohivyo.

Na yale makovu manne myaangalie hata miezi mitatu baadaye, hasa lile la kitovuni. Kivimbe kinachotokeza akikohoa kinaweza kuwa henia, maana tundu la milimita 10 na zaidi linatakiwa lishonwe mpaka tabaka la ndani. Kivimbe kigumu chenye usaha baada ya wiki kadhaa, mwambieni daktari neno kwa neno kwamba alifanyiwa upasuaji wa matundu na tarehe yake, na muombe usaha uoteshwe maabara kabla hajaanzishiwa antibayotiki ya tatu. Karatasi ya kuruhusiwa msiipoteze.